Nilichagua Mahindi Matano

Shangazi aliponikabidhi debe la mbegu hakutoa maelezo marefu. Alifungua kifuniko, akachota punje, akanimwagia kiganjani na kusema, "Mwanangu, usichambue sana." Nikadhani ananionea huruma nisipoteze jioni nzima nikihesabu punje. Miaka mitatu baadaye, baada ya kuchuchumaa katikati ya miche myeupe kama karatasi, ndipo nilipoelewa kwamba hilo ndilo lililokuwa agizo lenyewe.

Mahindi yale ni ya asili, yamepandwa katika ukoo wetu tangu kabla shangazi hajazaliwa. Punje nyingi zilikuwa nyeupe, ngumu, zinazong'aa. Katikati yake kulikuwa na za zambarau iliyokaribia weusi, na chache zenye madoadoa kama yai la kware. Ya njano haikuwemo hata moja. Mara mojamoja ungekuta hindi jekundu, jekundu lote kuanzia kitako hadi ncha, kwa sababu ngozi ya nje ya punje ni mwili wa mama na haijali baba alikuwa nani. Wakati huo sikuyajua haya. Niliona vurugu tu, nikajipa kazi ya kuisafisha.

Zile za madoadoa nilizitenga nikidhani zina ugonjwa. Baadaye nikaja kujifunza kwamba Barbara McClintock, mtafiti wa Marekani, alitumia miaka mingi akichunguza punje za namna hiyohiyo, na kutokana nazo akagundua kwamba vipande vya vinasaba vinaweza kuhama kutoka mahali pamoja kwenda pengine ndani ya chembe hai. Doa moja kwenye punje ni alama ya kipande kilichohama wakati punje inakua. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel. Mimi nilizimwagia kuku, na nazijutia mpaka leo.

Mwaka wa kwanza nilipanda kama mashina 300 na mvua ilikuwa nzuri. Wakati wa kuvuna nikafanya kile ambacho ningemshauri mtu yeyote akifanye: nikayapanga mahindi yote juu ya mkeka, nikachagua matano makubwa kuliko yote, yenye mistari iliyonyooka na punje zilizojaa hadi nchani. Hayo ndiyo yakawa mbegu. Mengine yakaliwa. Nilijiona nimeiboresha mbegu ya shangazi kwa msimu mmoja.

Hapo ndipo kosa lilipo, na nataka kulieleza taratibu kwa sababu naliona kwa watu wengi wenye nia njema. Hindi halijizalishi lenyewe kama maharage. Dume lake liko juu kwenye mbelewele, jike liko katikati ya bua, na upepo ndio mshenga. Kila udevu unaotokeza kwenye hindi unakwenda kwenye punje yake moja, na kila punje inaweza kuwa na baba wake tofauti. Kwa hiyo mbegu ya asili ya mahindi haimo ndani ya punje moja wala ndani ya hindi moja. Imetawanyika katika shamba zima. Shina hili limebeba uvumilivu wa ukame, lile limebeba kinga ya ukungu, jingine linawahi kukomaa, na jingine huoni faida yake leo. Ukichukua mahindi matano umechukua mama watano. Mamia waliobaki umewala.

Mwaka wa pili mambo yalionekana ya kawaida, ila jirani yangu alikuwa amepanda mahindi ya njano ya dukani, mbegu chotara, umbali wa kama mita 60. Sikufikiria lolote. Siku ya kumenya hindi la kwanza nikaona punje tatu za njano katikati ya nyeupe, zimekaa kama meno ya dhahabu. La pili lilikuwa nazo kumi na mbili, zote upande mmoja.

Hii ni zawadi ambayo mahindi hutoa na mimea mingi haitoi: ndoa isiyotakiwa huonekana msimu uleule, kwenye punje zenyewe, kabla hujazipanda. Njano inaishinda nyeupe, kwa hiyo chavua, yaani unga wa dume, ya shamba la njano ikidondoka kwenye udevu wa hindi jeupe, punje hiyo inakuwa ya njano papo hapo. Ile isiyoguswa inabaki nyeupe. Nilikaa na kisu kidogo nikazidokoa moja moja. Lakini punje za zambarau hazikunisaidia, maana njano hujificha chini ya zambarau na huwezi kuiona mpaka uzipande. Nikaziacha zote. Halafu, kwa hofu, nikaacha pia kila hindi lililokuwa na hata punje moja ya njano, nikabaki na mahindi matatu tu yaliyo safi kabisa. Kutoka matano nikashuka hadi matatu.

Mwaka wa tatu nilipanda kila hindi kwenye mstari wake. Siku ya nane baada ya kupanda nilikwenda shamba asubuhi na mapema. Mstari wa pili ulikuwa na miche 80 iliyoota, na kati yake 11 ilikuwa myeupe kabisa, haina hata chembe ya ukijani. Ilisimama vizuri, majani mawili mawili, imara kama wenzake. Nilipoishika ilikuwa laini, na umande ulikuwa juu yake kama juu ya mche mwingine wowote. Nikadhani udongo umekosa kitu, nikamwagia mbolea. Mche mweupe hauwezi kujitengenezea chakula, unaishi kwa akiba iliyomo kwenye punje tu. Akiba ilipokwisha, yote 11 ilinyauka katika siku chache.

Ile haikuwa njaa ya udongo. Kasoro ya namna hiyo hukaa imejificha ndani ya mashina mengi ya mahindi ya asili bila kumdhuru yeyote, kwa sababu mtoto anahitaji kuirithi pande zote mbili ndipo ionekane, na katika shamba la mashina mengi wenye kasoro ileile hukutana mara chache. Mimi nilikuwa nimewafungia ndugu chumba kimoja. Na miche myeupe ilikuwa sehemu tu ya yaliyonipata. Iliyobaki ilitoa mabua mafupi na membamba. Mbelewele zilifunguka na kumwaga chavua yote, na ndevu zikaja kutokeza siku sita baadaye, wakati hakukuwa na chavua ya kuzipokea. Nilivuna mahindi yenye mapengo, mengine yana punje ishirini tu kwenye gunzi zima.

Nikaenda kwa shangazi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwonyesha lile hindi lenye mapengo. Aliligeuza mkononi mara mbili.

"Ulichukua mangapi ya mbegu?"

Nikamwambia matano, kisha matatu.

Hakugomba. Alinieleza anavyofanya yeye, na ajabu ni kwamba nilikuwa nimemwona akifanya hivyo utotoni mwangu wote bila kuuliza. Baada ya mavuno anapitia kila hindi. Lililooza analitoa, lililoliwa na wadudu analitoa. Yote yanayobaki, makubwa kwa madogo, anapukuchua punje chache kutoka katikati ya kila moja na kuziweka kwenye debe. Hindi kubwa halitoi punje nyingi kuliko dogo. "Dogo nalo lilipita kiangazi," alisema.

Wazalishaji wa mbegu wenye maabara wanasema jambo hilohilo kwa namba. Ukitaka kuhifadhi aina ya mahindi bila kuipunguza, panda mashina 200 hivi au zaidi, vuna mbegu kwenye mahindi yasiyopungua 100, na chukua idadi sawa ya punje kutoka kila hindi. Shangazi hakuwahi kuhesabu hadi 200, lakini debe lake lilikuwa linahesabu kwa niaba yake.

Na kuhusu kuchagua kwa macho, kuna kisa kimoja ambacho hunirudia kila ninapoyapanga mahindi juu ya mkeka. Mwaka 1948 Jack Harlan, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alikusanya ngano moja mashariki mwa Uturuki. Ilikuwa mbaya kwa kila kipimo: bua refu na jembamba linaloanguka, haivumilii baridi kali, inashambuliwa na ugonjwa wa kutu ya majani, na unga wake haufai kwa mkate. Ikawekwa ghalani na kusahauliwa kwa miaka kama 15. Kisha kutu ya michirizi ikawa balaa kwa ngano ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, wakapima mbegu zilizokuwa ghalani, na ngano ile mbaya ikaonekana ina kinga dhidi ya aina nne za kutu hiyo na aina nyingi za fugwe, ukungu unaoharibu punje. Ikaingizwa katika uzalishaji wa mbegu nyingi mpya. Kama Harlan angechagua kama nilivyochagua mimi, asingeinama kuiokota.

Debe la shangazi lilikuwa tupu. Mbegu yake ya mwisho ndiyo aliyonipa, kwa kuwa magoti hayamruhusu kulima tena. Nilishika kichwa. Yeye akaanza kunitajia watu. Mbegu ile alikuwa ameigawa miaka mingi, kwa mashemeji, kwa majirani waliohama, kwa mama mmoja aliyekuwa akisali naye. "Nenda ukaombe," alisema. "Nilipowapa sikuwa nikiwapa wao tu."

Nilikwenda nyumba tatu. Ya kwanza waliacha zamani, wananunua mbegu dukani. Ya pili mzee alikuwa amefariki na watoto hawakujua mbegu ilikuwa wapi. Ya tatu, yule mama alinipeleka nyuma ya nyumba, na chini ya paa yalikuwa yananing'inia mahindi yamefungwa kwa maganda yake yenyewe. Meupe, ya zambarau, na mawili ya madoadoa. Nililia mbele ya mtu niliyekuwa nimefahamiana naye kwa nusu saa. Alinipa mahindi 40 na kukataa malipo.

Huwa nawaza kuhusu hili ninaposoma habari za maghala makubwa ya mbegu. Ghala la Svalbard, ndani ya mlima huko Norwe, lilifunguliwa mwaka 2008, na mbegu zinahifadhiwa humo katika nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Mwaka 2015 mbegu zilitolewa humo kwa mara ya kwanza, na aliyezihitaji ni kituo cha utafiti wa kilimo cha ICARDA, kilichokuwa kimepoteza uwezo wa kutumia ghala lake karibu na Aleppo kwa sababu ya vita vya Siria. Walikuwa wamepeleka nakala mapema. Walizipanda kwingine, wakazizidisha, kisha wakarudisha. Shangazi hana ghala la barafu. Alikuwa na mashemeji.

Sasa nilikuwa na vitu vitatu: ukoo wa mbegu yangu uliodhoofika, mahindi 40 ya yule mama, na punje 60 za debe la kwanza ambazo bahati nzuri nilikuwa nimeziacha kwenye chupa ya kioo kabatini. Hizo 60 nilizipima kwanza. Nilifunga punje 10 kwenye kitambaa kibichi, nikakiweka mahali penye joto, na baada ya siku saba sita zilikuwa zimeota. Niliamua kuyapandisha makundi yote matatu kwa mkono, kila kundi lipate chavua ya makundi mengine, ili nisiache jambo hilo kwa upepo ambao ulikwisha kuniumiza.

Kazi hiyo naipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya shamba, kwa hiyo nivumilieni. Kwanza unaliwahi hindi kabla ndevu hazijatokeza. Ukisubiri uzione, umechelewa, chavua ya kigeni imekwisha kufika. Unapapasa pembeni ya bua, ukigusa kichipukizi kinachoanza kuvimba unakivisha mfuko mdogo wa karatasi. Siku mbili tatu baadaye ndevu zinatoka ndani ya mfuko, za kijani hafifu, zinanata kidogo. Jioni hiyo unafunga mfuko mkubwa wa kaki juu ya mbelewele za mashina mengine na kuubana kwa klipu. Kesho yake, umande ukishakauka na jua halijawa kali, unainamisha bua, unaugonga mfuko kwa kidole na kusikia chavua ikidondoka ndani kama mchanga mlaini. Ukiufungua unaona unga wa njano pamoja na vifuko vidogo vitupu vilivyoutoa. Ninachanganya chavua ya mashina kumi au zaidi katika mfuko mmoja, nalivua hindi mfuko wake, nalinyunyizia, nalifunika upesi. Lazima ufanye haraka, chavua ya mahindi hufa ndani ya saa chache, na kwenye jua kali huwahi zaidi.

Mashina niliyotaka yawe mama tu niliyang'oa mbelewele kabla hazijafunguka. Mikono inachubuka, majani yanakata kama wembe, na ni kazi ya kila siku kwa wiki nzima. Naelewa kwa nini wazalishaji wa mbegu chotara nchini Marekani walitafuta njia ya kuikwepa. Walipata mahindi ambayo dume lake ni tasa kwa kurithi upande wa mama, na kufikia mwaka 1970 sehemu kubwa mno ya mahindi ya nchi ile ilikuwa na mama huyo mmoja. Mwaka huo ukungu wa majani ukapata mlango uleule katika kila shamba, na karibu asilimia 15 ya mahindi ya nchi nzima yakapotea. Sisemi mbegu chotara ni mbaya. Jirani yangu anavuna vizuri kuliko mimi na ana watoto wa kusomesha. Nasema tu kwamba lazima mahali fulani pawepo shamba ambalo halifanani lenyewe kwa lenyewe.

Msimu uliofuata nilipanda punje zilizotokana na mchanganyiko huo wa makundi, na mabua yakarudi kunizidi kimo. Sikuona mche mweupe hata mmoja. Kasoro haijatoka, imo bado, imerudi tu kujificha penye watu wengi.

Suala la jirani nililimaliza kwa mazungumzo. Nilimwendea kabla ya mvua na kumuuliza atapanda lini. Aliniambia, na mimi nikapanda siku 25 baada yake. Ndevu zangu zilipotokeza, mbelewele zake zilikuwa zimekauka. Kanuni ya wazalishaji ni mita 200 kati ya shamba na shamba, lakini mwenye eneo dogo hana mita 200, na kalenda haichukui nafasi. Punje za njano zilishuka hadi mbili tatu katika shamba zima.

Kuhifadhi nako kuliniumiza. Mwaka wa nne fukusi walikula karibu nusu ya mbegu niliyoiweka kwenye mfuko wa kitambaa. Niliposikia ule mkwaruzo mdogo ndani ya mfuko ilikuwa tayari unga mtupu. Siku hizi nakausha kivulini, kamwe si juu ya bati la moto, halafu napima kwa chumvi. Natia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, natikisa, naacha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado kuna maji mengi, narudisha mbegu nje. Ikidondoka yote chini, nimekaribia. Kisha naziweka kwenye chupa ya kufunga kabisa pamoja na mchele uliokaangwa mpaka ukakauka, umefungwa kwenye kitambaa na kuachwa upoe, uvute unyevu uliobaki. Kuna kipimo cha James Harrington ambacho wahifadhi mbegu wengi wanakitumia: kila asilimia moja ya unyevu unayopunguza kwenye mbegu inazidisha umri wake mara mbili, na kila nyuzijoto tano unazoshusha nazo zinazidisha mara mbili. Chupa mbili zinakaa kwenye friza. Mbegu lazima iwe kavu sana kabla ya kuingia humo, na chupa ikitoka usiifungue mpaka ipate joto la chumba, la sivyo maji yanajikusanya juu ya punje kama jasho na kazi yote inaharibika.

Hata hivyo nakataa kuitegemea friza. Mbegu iliyolala haijui kwamba mvua zimebadilika. Kila mwaka nusu ya mbegu yangu inakwenda udongoni, na huko inakutana na kiangazi cha mwaka huo, si cha wakati wa babu yake.

Mwezi uliopita nilipukuchua. Mahindi 236, punje 10 kutoka katikati ya kila moja. Yalikuwemo mafupi kama kidole gumba, na nayo yakatoa kumi zake. Nilimpelekea shangazi debe lake likiwa na mbegu tena. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo alilisogeza karibu na dirisha, akatumbukiza mkono wote hadi kwenye kiwiko, akakoroga polepole, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga. Kisha akasimama kwenye punje moja, akaishika kwa vidole viwili na kuielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa ya njano. Aliiweka pembeni kwenye dirisha, akafunika debe.

"Umempelekea yule mama?"

Nikamwambia bado.

"Basi usikae."

Nilimpelekea Jumamosi, viganja vitatu, na vingine viwili nikampa jirani yangu wa mahindi ya njano, ambaye ametenga kona nyuma ya nyumba yake na ameniuliza mifuko ya kaki nainunua wapi.